Maisha ya Kinyaa na Kosa Alilotaka Lisomwe

Wapendwa, kwanza mtuwie radhi kwa karatasi nyepesi. Ratiba za mazishi haya zilikuwa zimekwisha chapishwa, nakala mia mbili, karatasi nzito inayong'aa na picha ya rangi, kazi ya ofisi ya chuo alikofanya kazi marehemu. Zililetwa nyumbani juzi asubuhi zikiwa ndani ya maboksi mawili. Mdogo wake marehemu, mshonaji nguo, ambaye ndiye anayesoma hapa mbele yenu, alifungua ukurasa wa tatu, akasoma mistari minne, akatoka nje kutema mate. Aliporudi aliyafunga maboksi yale kwa kamba na kuyarudisha yalikotoka. Hii mliyo nayo mkononi imetolewa fotokopi pale dukani kwenye kona. Wino wake ni hafifu, mtavumilia.

Jina la marehemu mmeliona kwenye jalada. Hapa ataitwa alivyoitwa nyumbani tangu utotoni, yaani Kinyaa, na mwenyewe hakulikataa jina hilo hata siku moja.

Kinyaa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mpishi wa sabuni kiwandani hapo. Mafuta ya ng'ombe yalifika kwa mapipa, mengine yameshaanza kuchacha, yakachemshwa mchana kutwa. Harufu ile iliingia kwenye mapazia, kwenye nywele, kwenye mkate, mpaka kwenye madaftari ya shule. Watoto wengine wa mtaa ule waliizoea. Yeye hakuizoea. Alikula huku ameziba pua kwa mkono wa kushoto. Kikombe alichonywea mtu mwingine hakukigusa, hata kama kiu inamuua. Bibi yake ndiye aliyempa jina. "Huyu mtoto ana kinyaa huyu!" alisema. "Hata ziwa la mama yake alilinusa kwanza."

Alipokuwa na miaka saba baba yake alimchukua kiwandani siku moja, akamwinua juu ya ngazi ili aone ndani ya pipa kubwa. Kulikuwa na uji wa kahawia unaotoa mapovu, mzito, wa kutapisha. Baba alimwaga ndoo ya chumvi. Baada ya muda sabuni ikajitenga na kupanda juu, nyeupe, na maji machafu yakabaki chini.

"Baba, chumvi imeifanya nini?"

"Imeiambia ipande."

"Na kwa nini imesikia?"

Baba alicheka, akamshusha ngazi. Mtoto alirudi nyumbani akiwa amekasirika. Mama yao alisimulia kwamba kwa wiki nzima chumvi ya nyumbani ilikuwa ikipotea, na kila chombo chenye mafuta jikoni kilikutwa na chumvi ndani yake.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1977. Alikuwa mwanafunzi hodari, lakini walimu walimkumbuka zaidi kwa jambo jingine. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila anapofunua ukurasa wa daftari la mwanafunzi. Madaftari arobaini, kidole kimoja, ulimi mmoja. Kinyaa alivumilia muhula mzima. Muhula wa pili alikunja pembe ya kila ukurasa wa daftari lake ili usihitaji kulambwa, na juu ya jalada akaandika kwa mwandiko mzuri: "Mwalimu, nimekurahisishia. Tafadhali usilambe." Alichapwa viboko vitatu. Lakini mwalimu aliacha kulamba, na darasa zima lilimshukuru.

Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha mafundi wa maabara, akahitimu mwaka 1980 akiwa wa pili katika darasa la watu thelathini na mmoja. Aliyekuwa wa kwanza, kwa maelezo ya Kinyaa, alikuwa hakati kucha.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa katika maabara ya chuo kikuu, chumba namba tisa, ghorofa ya chini, chumba chenye dirisha moja linalotazama jalala. Alikaa katika chumba hicho miaka thelathini na miwili. Wengi wenu mmewahi kumuuliza alikuwa akifanya nini humo, na wengi mliondoka mkijifanya mmeelewa. Mdogo wake pia alijifanya hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja akambana jikoni.

"Dada, nieleze kama unavyomweleza mtu wa cherehani."

Kinyaa alielekeza kidole mlangoni. Akasema mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kimezungushiwa ukuta mwembamba wa mafuta. Ndani ya ukuta huo kuna milango. Milango hiyo ni protini, na kazi yake ni kupitisha chumvi, sukari na maji, kuingia na kutoka.

"Sasa watu wengi wanauchunguza mlango peke yake," alisema. "Wanaung'oa, wanauosha kwa sabuni, wanauweka mezani, wanashangaa haufunguki. Mlango bila fremu si mlango, ni ubao. Mafuta ndiyo fremu. Yakiwa laini, mlango unateleza. Yakiwa magumu, unakwama. Na chumvi ndiyo watu wanaogonga. Wakiwa wengi mlango unafanya hivi, wakiwa wachache unafanya vile."

"Na yakichacha hayo mafuta?"

"Ndugu yangu, yakichacha hata wewe mwenyewe huingii chumba hicho."

Kazi yake ilikuwa mambo matatu: kuosha vyombo vya kioo, kuchanganya maji ya chumvi kwa vipimo vinavyotakiwa, na kukamua mafuta ya kutengenezea kuta zile. Mafuta yalitoka kwenye bongo la ng'ombe. Kila Jumanne alikwenda machinjioni, akarudi na ndoo imejaa, akasaga, akachuja, akatenga. Mtu aliyeshindwa kunywea kikombe cha mwenziwe alisaga bongo kwa miaka thelathini. Alipoulizwa anawezaje, alijibu kwamba uchafu unaoujua na kuupima haumsumbui, unaomsumbua ni ule wa kufichwa.

Machinjioni ndiko alikokutana na mumewe. Alikuwa mkaguzi wa nyama, mtu mpole mwenye vidole vya zambarau kwa sababu ya wino wa mhuri. Kwa miezi mitatu alimwona dada huyu akipokea bongo kwenye ndoo ya machinjioni huku amefumba macho kwa kichefuchefu. Jumanne moja akamkabidhi ndoo mpya ya chuma yenye kifuniko, imesuguliwa kwa maji ya moto mpaka unajiona sura ndani yake. Kinyaa alifunua kifuniko, akanusa, akakifunika. Alirudi nyumbani akamwambia mdogo wake, "Nimeona mwanaume." Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni fundi umeme na yupo hapa na familia yake. Ndoo ile ipo mpaka sasa.

Sasa tumefika kwenye ule ukurasa wa tatu.

Ofisi ya chuo iliandika kwamba mwaka 1994 marehemu "alishiriki katika ugunduzi mkubwa ulioleta heshima kwa taasisi," na kwamba kwa kuuenzi, chumba namba tisa kitaitwa kwa jina lake na kibao cha shaba kitawekwa mlangoni. Maneno matamu, yamepakwa kwa mgongo wa chupa. Juzi mchana ofisi hiyo hiyo ilipiga simu kusema kwamba ikiwa familia itasoma kitu kingine, suala la kibao itabidi liangaliwe upya. Liangaliwe tu. Marehemu aliagiza lisomwe lililotokea, na mdogo wake hataongeza chumvi wala kupunguza.

Ugunduzi wenyewe ulikuwa hivi. Kulikuwa na mlango mmoja wa seli ambao kila mtu alijua haufunguki bila chumvi ya potasiamu. Mwaka 1994 maabara ile ilitangaza kwamba mlango huo ukiwekwa kwenye ukuta wa mafuta ya bongo hufunguka wenyewe, bila hata chembe ya potasiamu. Ilikuwa habari kubwa. Mkuu wa maabara alialikwa huku na huku, akapewa nishani, akapandishwa cheo. Jina la Kinyaa liliandikwa kwenye makala ile, la tatu kutoka mwisho. Alilia kwa furaha. Aliikata, akaiwekea fremu, akaitundika sebuleni pale ambapo jirani anayeingia lazima aione.

Januari 2003 alifika mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu, msichana mkimya, mwenye bidii. Kinyaa alimpenda. Alimfundisha kuosha vioo mara saba, kushika vyombo kwa chini, kuvaa koti lenye mpira kwenye vifundo vya mikono ili mikono ya koti isiburuzike kwenye maji. Mwezi uliofuata mumewe Kinyaa alianza kuugua, naye akaomba likizo ya kumuuguza. Mzee aliaga dunia tarehe 19 Oktoba mwaka huo huo. Kwa miezi minane yote hiyo mwanafunzi yule alichanganya maji yake ya chumvi mwenyewe.

Na mlango haukufunguka. Alijaribu mara kumi, mara ishirini, mara arobaini na moja. Kila akiondoa potasiamu, mlango ulibaki umefungwa, mafuta ya bongo yakiwepo au yasiwepo. Alipopeleka majibu kwa mkuu wa maabara, aliambiwa mbele ya wenzake wote, "Tatizo si mlango. Tatizo ni mikono yako. Wewe ni mchafu."

Kinyaa aliporudi kazini, bado na nguo za msiba, msichana alimkimbilia mbele ya wenzake.

"Mama, wewe unajua ninavyoosha. Waambie."

Na hapa, wapendwa, ndipo marehemu alipoagiza msomaji asikwepe. Kinyaa aliiangalia makala yake ya 1994 akilini, akamwangalia yule msichana, akajibu, "Mwanangu, mimi maji yangu yalifungua. Ya kwako hayafungui. Rudi ukaoshe vizuri." Alimwambia hivyo mtu aliyemfundisha mwenyewe. Msichana alirudi kwenye sinki, akaosha, akaendelea kuchanganya maji yake mwenyewe. Aliosha karibu miaka miwili mingine, mpaka vidole vikachubuka, na Juni 2005 akaondolewa masomoni kwa barua ya mistari mitano. Ndani ya barua hiyo lilikuwemo neno "uchafu."

Tarehe 21 Agosti 2007 alikuja fundi wa vipimo, mtu wa kuzunguka maabara mbalimbali akitengeneza mashine. Kulikuwa na kipima asidi cha zamani kilichoharibika. Kipima hicho kina kijiti cha kioo ambacho unakichovya kwenye maji, unasoma namba, unakitoa. Fundi alikikuta kijiti kimesimama ndani ya chombo cha kioo, bika la maji ya chumvi ya Kinyaa, kimefunikwa vizuri kwa karatasi safi ya aluminiamu.

"Nani amekiacha hiki humu?" aliuliza.

"Mimi," Kinyaa alisema. "Huwa nakiacha humo nikienda chai."

"Kwa nini hukirudishi kwenye kikombe chake?"

Kinyaa alikisogeza kile kikombe cha kuhifadhia kijiti ili fundi ajionee. Kilikuwa na utelezi wa kijani pembeni, na kitu kama ngozi ya maziwa kikielea juu. Kila mtu wa chumba kile alikitumia na hakuna aliyekiosha. "Nirudishe chombo changu humo?" alisema. "Nina kinyaa mimi. Tangu 1981 sijakirudisha humo hata siku moja. Nakiacha kwenye maji yangu safi, nakifunika."

Fundi alitikisa kichwa. "Mama, hiki kijiti kinavuja. Si ubovu, ndivyo kilivyotengenezwa. Ndani kina maji makali ya potasiamu, na hapa kwenye ncha pana tundu dogo la kuyatoa polepole. Ukikichovya dakika moja, si neno. Ukikiacha saa nzima, umeshayatia maji yako potasiamu."

Kinyaa alikaa juu ya kigoda. Alisimulia baadaye kwamba alisikia ladha ya mafuta ya kile kiwanda cha baba yake kooni, baada ya miaka arobaini.

Jioni hiyo hiyo alitengeneza mabika mawili. La kwanza alichovya kijiti na kukitoa. La pili alikiacha akaenda chai, kama kawaida yake. Asubuhi aliyajaribu yote mawili. Kwenye la pili mlango ulifunguka. Kwenye la kwanza ulibaki umefungwa kabisa, sawasawa na alivyosema mwanafunzi mara arobaini na moja. Usafi wa Kinyaa ndio uliochafua maji.

Na kinachouma zaidi ni kwamba ukweli wenyewe ulikuwa mzuri kuliko ule uongo. Potasiamu iliyovuja ilikuwa kidogo mno. Kwenye mafuta mengine mlango usingeihisi kabisa. Kumbe mafuta ya bongo yalikuwa yanaufanya mlango uhisi hata mgongaji mmoja aliyesimama nje. Hayo yalikuwa mkononi mwa yule msichana. Angeachwa aendelee kidogo tu angeyapata, na yangekuwa yake.

Kinyaa alikwenda kwa mkuu wa maabara siku hiyo hiyo, na karatasi zake mkononi. Mkuu alizisoma akiwa amesimama, kisha akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi wa vipimo anajua kijiti kinavuja. Mengine nayajua mimi."

"Basi yaishie hapo."

"Profesa, tumemfukuza mtoto wa watu. Tumemwita mchafu."

"Mama, jina lako nalo limo kwenye makala ile. Unataka kujipaka matope mwenyewe?"

"Nimeshapakwa, Profesa. Nanuka. Nataka kuoga."

Mkuu alicheka, akamshika bega, akamwambia kwamba tangu mzee afariki amechoka na anahitaji kupumzika. Bega lile Kinyaa alilisugua kwa brashi alipofika nyumbani. Akaiteremsha makala sebuleni. Msumari aliuacha ukutani, na kila aliyeuliza alielezwa kwa nini hauna kitu.

Alimwandikia mhariri wa jarida lililochapisha makala ile barua tatu, mwaka 2007, 2009 na 2012. Alijibiwa mara moja tu, kwamba masahihisho hupokelewa kutoka kwa mwandishi mkuu. Machi 2013 alistaafu akiwa na miaka hamsini na mitano, na kwenye sherehe ya kumuaga alipewa kipaza sauti. Alianza vizuri: "Mwaka 1994 nilifanya kosa." Mkuu wa maabara alisimama papo hapo akapiga makofi, na ukumbi mzima, bila kujua unapigia nini, ukapiga pia. Kisha akakata kipande cha keki, akamtia mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe. Vidole, jamani! Picha ya tukio hilo ndiyo iliyokuwa imechapishwa kwenye ratiba ya ofisi, kama kumbukumbu ya furaha. Angalieni uso wake siku mkiiona. Yule si mtu aliyeguswa moyo. Ni mtu anayezuia kutapika.

Mwaka 2016 mwalimu mmoja wa kemia wa sekondari aliingia dukani kwa mdogo wake Kinyaa, akitaka ashonewe koti jeupe la maabara. Alisisitiza liwe na mpira kwenye vifundo vya mikono.

"Nani alikufundisha hivyo?" mshonaji aliuliza, kipimo kikiwa bado begani kwa mteja.

"Fundi mmoja wa maabara. Alinifundisha mengi mazuri. Halafu akaniambia mimi mchafu."

Mshonaji aliweka kipimo chini. Alimpigia dada yake simu, na Kinyaa alifika na kanga aliyokuwa akifulia, mikono bado ina povu. Alitaka kupiga magoti, mwalimu akamshika. Akaeleza yote, kijiti, kikombe, mabika mawili. Mwalimu alijitazama vidole. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na bado ngozi ya vidole vyake ilikuwa na makovu.

"Mara arobaini na moja," mwalimu alisema mwishowe. "Nilidhani nina ugonjwa. Nilikuwa naosha mikono mpaka nyumbani, mpaka mama yangu akaanza kuficha sabuni."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama, mimi nimekusikia. Lakini hukuniambia mchafu tukiwa peke yetu. Uliniambia mbele za watu, na yeye aliniambia mbele za watu. Wale watu bado wanajua hivyo."

Kinyaa alijifuta povu kwenye kanga. Alikwenda chuoni mara sita mwaka ule. Mara zote sita karani alimwambia Profesa amesafiri, na mara zote sita gari la Profesa lilikuwa uani.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Alitibiwa kwa mashine mara mbili kwa wiki, na hata kitandani hakubadilika. Shuka za hospitali alizipeleka dirishani akazikagua. Mei mwaka huu daktari alimwambia kwamba potasiamu imepanda kwenye damu yake, kwa sababu milango ya figo iliyokuwa ikiitoa haifanyi kazi tena.

"Nani alichukua damu hiyo, na ilikaa muda gani kabla ya kupimwa?" Kinyaa aliuliza. "Ikikaa sana chembe za damu hupasuka na kumwaga potasiamu yake, mnapima potasiamu ya uzembe wenu."

"Mama, wewe ni mgonjwa au mkaguzi?" muuguzi alisema.

"Mimi niliwahi kukosea hapo hapo. Pimeni tena."

Walipima tena, mbele yake. Ilikuwa kweli imepanda. Kinyaa alicheka mpaka akakohoa. "Chumvi hii," alisema, "imenitafuta mpaka imenipata."

Siku nne kabla ya kifo chake alimwita mdogo wake karibu na kitanda.

"Wewe ndiye utakayesoma. Usinisifu."

"Dada, nitasoma nini basi?"

"Soma kijiti. Soma nilichomwambia yule msichana. Nikiwa hai kila nikifungua mdomo wananipigia makofi. Mazishini hakuna anayepiga makofi."

"Watu watasema nimekuvua nguo mbele ya jeneza."

"Wewe si mshonaji? Ile ya kwao hainikai. Inanibana na inanuka. Nivue. Ukinisifu kwa ile makala, wallahi nitatapika humo humo ndani."

Walicheka wote wawili, kisha mdogo wake akalia, naye Kinyaa akampa leso na kumwambia aikunje kwa ndani akimaliza.

Marehemu alifariki dunia tarehe 3 Juni 2023, saa tisa alasiri, kwa kusimama kwa moyo. Binti yake alikuwa amemshika mkono.

Mkuu wa maabara amefika, amekaa mstari wa mbele, na shada alilolileta ni kubwa kuliko yote. Karibu, Profesa. Familia haikufukuzi. Lakini marehemu alikutafuta kwa miaka kumi na sita, na hili ndilo jibu alilolipata bila wewe.

Ameacha mdogo wake mmoja, binti mmoja, mkwe mmoja na wajukuu wawili. Ameacha ndoo ya chuma yenye kifuniko, isiyo na kutu, na msumari mtupu kwenye ukuta wa sebule. Ameacha pia, kwa ombi lake mwenyewe kwamba aingizwe humu pamoja na ndugu zake, mwalimu wa kemia aliyekaa mstari wa nne, mwenye koti jeupe mikononi. Mwalimu, simama wakuone. Wapendwa, mwangalieni huyu. Alipata jibu sahihi mara arobaini na moja, na mikono yake ilikuwa safi. Iliyokuwa michafu ni ya marehemu, na alitaka mlisikie hilo kutoka kwake.

Mmesikia. Dada, umeoga. Lala sasa.